Samaki wa Mti Stooni Mwetu

Niseme ukweli mapema: mume wangu hajawahi kuvua samaki hata mmoja. Maji yenyewe anayaogopa. Tukipanda kivuko kwenda kwa dada yake hukaa katikati kabisa, kanishika mkono, kafumba macho, midomo inamcheza, na abiria wenzetu wanadhani anatuombea sote. Kwa hiyo aliponiambia mezani kwamba anataka kufungua karakana ya vifaa vya uvuvi, tena hapa hapa nyumbani, nilicheka mpaka nikapaliwa.

Mtaani wanamwita Brashi. Jina alilipata ujanani, alipokuwa akijifunza kuchora mabango kwa fundi mmoja mkali aliyempiga rula ya vidole kila herufi ilipolegea. Kwa miaka thelathini na minne ukitaka watu wajue unauza nyama, unanyoa au unafundisha udereva, ulimwendea yeye. Utamkuta juu ya ngazi, brashi moja mkononi na nyingine sikioni, anachora kichwa cha ng'ombe chenye macho mazuri kuliko ya ng'ombe mwenyewe. Nikitoka naye kwenda mjini tulichelewa kila mahali, maana alisimama mbele ya kila bango lake kuangalia kama jua limelichuja.

Kisha zikaja mashine za kuchapa. Mtu anaingia dukani asubuhi, saa sita anatoka na bango la plastiki lenye picha kumi. Wateja hawakugombana na Brashi, wala hawakumuaga; waliacha tu kuja. Kazi yake ya mwisho ilikuwa bango la fundi viatu, na fundi viatu naye akahama kabla ya kulichukua. Likabaki uani kwetu, VIATU VYA KIKE NA KIUME, limeegemea ukuta.

Miaka mitatu akakaa barazani. Asubuhi anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, anakaa. Chakula anakula, salamu anaitikia, lakini ukimwuliza swali la zaidi ya hapo anakutazama kama umemwamsha. Mimi nashona mapazia chumba cha mbele, na dirisha langu linaangalia mgongo wake. Nilikuwa nashona huku nautazama ule mgongo, na niliogopa kwelikweli. Nilimwona mtu anazimika polepole huku afya anayo, na sikujua nimshike wapi.

Sasa, nina mdogo wangu wa kiume, mvuvi wa mshipi. Yeye huvuta nyuma ya mashua chambo cha bandia, yaani kisamaki cha mti chenye ndoana tumboni, ili samaki mkubwa ajidanganye kwamba amepata mlo. Jumapili moja alikuja kula kwetu, na mfukoni alikuwa na chambo cha namna hiyo, cha dukani, rangi imebanduka. Brashi akakichukua. Akakigeuza huku na huku, akavaa miwani, akakigeuza tena.

"Aliyepaka hiki hana haya," akasema. "Jicho kaliweka shavuni. Hiki hakioni hata kinakokwenda."

Nilikuwa sijamsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo tangu mwaka uliopita. Kesho yake ndipo alipotoa habari ya karakana, nami nikacheka kama nilivyosema, halafu nikauona uso wake nikaacha kucheka. Nikampa kona ya chumba changu cha kushonea. Hapo ndipo nilipojitafutia balaa.

Alianza kwa kuchora mstari wa chaki sakafuni: huku mapazia, kule samaki. Akaazima jiliwa kwa fundi baiskeli, la kubania mti asipoteze vidole, akaleta keekee ya mkono ya kutobolea, tupa, msasa wa kila aina, na makopo yake ya rangi yaliyokuwa yamekauka midomo. Mstari niliuheshimu mimi. Vumbi la mbao halikuuheshimu. Lilivuka kila siku na kulala juu ya vitambaa vya watu. Harufu ya vanishi ikaingia kwenye mapazia ya bibi harusi mmoja, mama yake akaniuliza kwa upole kama siku hizi nafulia mafuta ya taa. Nilimeza mate nikasema ni hali ya hewa.

Na visamaki vyake vibichi alivitundika wapi? Kwenye fimbo yangu ya pazia, dirishani. Akaja mke wa mfamasia kuchukua mzigo wake, akaviona vinaning'inia, vina magamba ya fedha na mapezi mekundu, akapigwa na butwaa. Akasema anataka kumi na viwili, avitundike kwenye pazia la sebuleni, nitaje bei yoyote. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Brashi akaingia, akamweleza kwa heshima zote kwamba hivyo ni vifaa vya kazi, si mapambo, na kwamba mama anakaribishwa siku atakaponunua mashua.

Nilimkata jicho ambalo mwingine lingemlaza kitandani. Mke wa mfamasia alipoondoka nikamwuliza kama ana wazimu, mteja kaja na miguu yake mwenyewe. Akawa anafuta mikono kwa kitambaa chake chenye tapentaini, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Watu wananisifu kwa kunionea huruma," akasema. "Nimeishi na huruma yao miaka mitatu, nimeshiba. Samaki hamwonei mtu huruma. Akikiuma kisamaki changu, nitajua mimi bado fundi."

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona upindo ambao ulikuwa umeshashonwa.

Siku ya tatu baada ya hapo nikakalia ndoana. Si ndoana ya kawaida, ile yenye makucha matatu. Mume wangu alipiga magoti nyuma yangu na koleo nusu saa nzima, anaitoa kwenye gauni, huku mimi namweleza ukoo wao wote kuanzia babu wa babu yake. Alichosema yeye ni kwamba nisitikisike. Mchana ule ule tukahamisha samaki stooni.

Stoo yetu ilikuwa kaburi la vitu. Feni iliyokufa, masanduku mawili yasiyofunga, kitanda cha mtoto ambaye sasa ana watoto wake, godoro la wageni ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulala juu yake akarudi tena. Tulitoa vyote. Brashi akapaka kuta chokaa, akatoboa matofali mawili upande wa uani ili mwanga na hewa viingie, kisha akalilaza lile bango la fundi viatu juu ya miguu ya kitanda cha mtoto, ikawa meza. Ukisimama mlangoni unasoma VIATU VYA KIKE, sehemu ya kiume imefunikwa na jiliwa. Ndoana akazitia kwenye makopo ya maziwa kwa ukubwa wake, kila kopo na jina lake kwa herufi za kurembeka, na lile la makucha matatu akaliandika: MAMA USIKALIE. Nilivunjika mbavu. Yeye naye alicheka, tena kwa sauti.

Kisha akadai bwawa. Nikamwambia stooni hapaingii bwawa. Akatoka, akarudi anasukuma mkokoteni wenye hodhi refu la kuogea, lile la watu wa ghorofani, limetupwa kwa sababu ya ufa. Akauziba ufa, akaliweka katikati ya uani, akalijaza maji. Ikawa kila jioni mzee mzima anazunguka hodhi, anavuta kisamaki cha mti kwa uzi, ameinama. Majirani walipanda juu ya ndoo kuchungulia ukuta. Jirani yangu wa kushoto, mpishi wa shule, akanivuta pembeni akaniuliza kama mzee analala vizuri. Nikamwambia analala kuliko mimi, na ilikuwa kweli.

Tatizo lilikuwa moja tu: samaki wake hawakuogelea. Walikuwa wazuri mno, ungetamani kuwabusu, lakini wakiguswa na maji wanalala ubavu. Akachonga mgongo mwembamba, wakalala ubavu. Akabadili mkia, wakageuka tumbo juu. Akaongeza rangi, kana kwamba samaki akipendeza zaidi ataona aibu kulala. Mdogo wangu alipokuja kuwaona alijitahidi kuwa muungwana, lakini nilipomtazama alikuwa anauma shavu kwa ndani.

"Shemeji," akasema mwisho, "hawa ni wagonjwa."

Brashi akaitikia kwa kichwa. Akatoa maji yote kwenye hodhi, akafunga stoo, ufunguo akaupachika msumarini. Asubuhi iliyofuata alioga, akavaa shati lake, akakaa barazani. Na siku iliyofuata vilevile. Niliuona ule mgongo dirishani na moyo ukanipasuka, kwa sababu safari hii nilijua akikaa pale hatainuka tena.

Nilikuwa napachika vipande vya madini ya risasi kwenye upindo. Sisi washona mapazia, pazia jepesi likikataa kusimama, tunalitia vipande vidogo vya risasi kwa chini, vya ukubwa wa punje ya mahindi, litulie. Nimefanya hivyo maelfu ya mara bila kufikiri. Siku ile kipande kikaniponyoka, kikaanguka chini, na mimi nikabaki nakitazama, nikajiona mjinga wa mwisho.

Nikachukua ufunguo msumarini. Nikambana samaki mmoja kwenye jiliwa, tumbo juu, nikaanza kumtoboa. Brashi alikuwa hajajibu hata salamu ya muuza maziwa asubuhi ile, lakini aliposikia mlio wa keekee yake mkononi mwa mtu mwingine alifika stooni kabla sijamaliza duru ya tano. Akasimama mlangoni. Nikatia kipande cha risasi kwenye tundu, nikaziba kwa nta, nikampa. Alijaza hodhi mwenyewe, ndoo kumi na nne, nilizihesabu.

Samaki akasimama wima. Alipomvuta akachovya kichwa, akatikisa mkia, akaenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa hodhi na kurudi. Brashi akazunguka mara tatu, suruali imelowa mpaka magotini, yeye anayeogopa maji.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?" akauliza.

"Ulinichorea mpaka wa chaki," nikamwambia. "Mimi nikakaa kwangu."

Mdogo wangu alichukua vitatu. Alichukua ili mimi ninyamaze, si kwa imani. Alisema wenzake watamcheka, watamwuliza anakwenda kuvua au anakwenda harusini. Akasema akikumbuka atavijaribu.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Brashi hakuchonga kitu. Alishinda stooni anapanga ndoana ambazo zilikuwa zimepangwa, na kila mlango wa nje ulipogongwa aliweka kikombe chini akasikiliza. Mara ni muuza mkaa. Mara ni mtu aliyepotea njia. Siku ya tatu alisema huenda hawajaingia majini, nikasema huenda, na wote wawili tulijua wameingia. Usiniulize nilishona nini siku zile, nilifumua zaidi ya nilivyoshona.

Siku ya nne, alasiri, mlango ukapigwa kama mtu anadai haki yake. Mdogo wangu akaingia na suruali mbichi, ananuka samaki, amekuja juu hata salamu hakunipa. Akapitiliza mpaka mlangoni pa stoo na mimi nyuma yake, sentimita ya kupimia vitambaa shingoni.

Alikuwa na malalamiko. Kisamaki cha kwanza kilimletea samaki wa kubebwa na watu wawili. Cha pili kimeazimwa na mwenye mashua ya jirani, na yule bwana hataki kukirudisha, anasema hakumbuki. Cha tatu kimeondoka na samaki aliyekata mshipi, na yeye leo kavua kwa kile cha dukani kutoka alfajiri, hajapata hata wa kukaanga. Na sasa wenzake watano wanamsema kwamba ana fundi wake anamficha. Anataka sita. Anavitaka kesho asubuhi kabla hawajasukuma mashua.

Mimi nilikuwa nimesimama mahali naiona meza yote. Juu ya bango palikuwa na kikombe cha chai, miwani, na makopo ya ndoana. Hapakuwa na kazi ya mtu yeyote, si ya leo wala ya mwezi ule. Brashi akachukua miwani akaivaa. Akavuta kipande cha msasa, akakikunja mara mbili, akaanza kusugua kipande cha mti ambacho hakikuwa na umbo bado. Hakuinua kichwa.

"Kesho haiwezekani," akasema. "Nina kazi nyingi. Njoo keshokutwa."

Maneno hayo nimeyachukia kwa mafundi maisha yangu yote. Isipokuwa siku ile. Mdogo wangu akanigeukia, dada, hebu mwambie huyu shemeji, watu wanasubiri. Nami nilikuwa nimegeukia ukuta, nafuta macho kwa ncha ya pazia la mteja.

"Umemsikia fundi," nikamwambia. "Keshokutwa."