Nyumba Tuliyoifunga Msimu wa Mpunga

Nakumbuka asubuhi ile tuliyokaa barazani kwetu Kibiti, mimi, marehemu Baba Zuhura na kijana wa bima. Nilikuwa na umri kama wako, mwanangu, na nyumba ile ya matofali ndiyo kwanza tumeihamia. Boriti zake zilitoka Kiongoroni kwa mtumbwi, na mume wangu alizichagua mwenyewe, moja moja.

Kijana alisoma haraka yaliyomo kwenye mkataba: moto, radi, wizi wa kuvunja. Baba Zuhura akawa anaitikia tu. Mimi nikauliza, "Na tukihamia shamba?"

Unatujua sisi. Mpunga ukianza kutoa masuke, familia nzima inahamia bondeni, inalala juu kwenye dungu, inaamia ndege wasile mpunga mpaka mavuno. Nyumba ya mjini inabaki na kufuli.

Baba Zuhura akacheka. "Mama Zuhura, unataka bima ije ikuamie ndege?"

Kijana naye akacheka, akafunga mkoba wake. Sikutaka kumbishia mume wangu mbele ya mgeni. Nikaliacha swali hapo.

Msimu uleule moto ulitoka kwenye jiko la makuti la jirani, ukarukia kwetu. Tulipofika kutoka bondeni, boriti zilikuwa bado zinafuka moshi.

Mkaguzi wa bima akaja. "Nani alikuwa analala humu?"

"Hakuna," mume wangu akajibu. "Tuko shamba tangu mpunga uanze kutoa, wiki ya sita sasa."

"Basi ni zaidi ya mwezi. Bwana, mkataba unasema nyumba ikikaa hivyo bila mtu, na kampuni haikuarifiwa, hailipwi. Hata kwa moto."

"Huku kila mtu anahamia shamba! Wewe wali unaokula unadhani unaota dukani?"

"Kampuni haijui habari za mpunga. Mngesema, ingeandikwa."

Mngesema! Baba Zuhura hakunitazama. Hakuweza kujenga tena. Alifia kwenye chumba cha kupanga, na lile swali langu hatukulizungumza hata siku moja. Aliondoka nalo, na mimi ninalo bado.

Sasa wewe unajenga Mtunda, na nimefurahi kwamba unataka bima. Kata, lakini usikate kwa kuitikia tu. Bima hailindi nyumba na kila baya. Inalinda na yale yaliyoandikwa tu. Uliza kama maji ya mto yakipanda yamo, maana mvua ya kuvuja darini na mafuriko huenda vikahesabiwa mbali mbali. Uliza kama vitanda na vyombo vimo, au ni kuta na paa peke yake. Kisha waeleze mnavyoishi: lini mnahama, nani anabaki, jiko liko wapi. Wakikujibu kwa mdomo, waambie waandike. Wakicheka, waache wacheke, halafu uliza tena. Usione haya, mwanangu. Hakuna swali la kijinga juu ya paa lako mwenyewe.

Na mkeo akiuliza jambo mbele ya wageni, msikilize mpaka mwisho.

Mungu akujalie nyumba ya kudumu, na kila mkirudi kutoka shamba mwikute imesimama, ufunguo uingie kwenye kufuli yake. Amina.