Mashua Iliyokataa Kusimama

Jamani, mpaka leo nikisikia mlio wa gari najificha. Mzungu mmoja wa mashamba ya karanga hapa Nachingwea alinipa mchoro nimuundie mashua ndogo ya tanga, ya kusafiria baharini. Mimi fundi wa vitanda kutoka Naipingo, bahari sijawahi kuiona, nikamwambia naiweza.

Ikaisha, lakini kila nikiisimamisha inalala ubavu. Chini ya tumbo ilikuwa na ubao mnene uliotokeza, kama mchoro ulivyotaka. Na kesho yake bwana anakuja kuikagua. Kitanda kikiyumba hupunguzwa mguu, basi nikaukata ule ubao. Mashua ikatulia kama sufuria.

Bwana akaja na gari lake, akaketi, akaitazama weee.

“Fundi, ubao wa chini uko wapi? Ndio unaoizuia isipinduke.”

Nilikuwa nimeufanya benchi, nalo ndilo alilokalia bwana.