Majina Aliyoyajua Mtani

Nakumbuka Jumapili moja, mjukuu wangu, Temeke bado mikorosho na vijia vya mchanga, na Mwingereza bado ndiye mwenye nchi. Nilikuwa nimekaa mkekani, uani kwa Bi Nyamizi, nasikiliza majina. Kila Jumapili alasiri sisi Wanyamwezi tuliozaliwa pwani au kuhamia tulikutana pale, kwenye chama chetu, kujifunza ukoo. Mtu anasimama, anamtaja baba yake, baba wa baba yake, anapanda hivyo hivyo mpaka anakwama, na Bi Nyamizi anamwambia akaulize wapi. Mie nilipenda kufumba macho. Kila likitajwa jina niliona kama mtu anaingia uani, anavua makubazi, anatafuta pa kukaa. Mpaka leo nikisinzia naingia ule ua.

Wengine walikuja kwa hamu ya kujua tu. Mie nilikuja kwa ajili ya Maganga. Usicheke. Maganga alikuwa fundi cherehani, kijana mtaratibu, na alitaka kunioa. Nami nilimtaka kuliko alivyonitaka. Lakini baba yake mkubwa, Mzee Mlekwa, aliyetoka Tabora kuja kusimamia posa, alisema posa haiendi popote mpaka ajue ukoo wangu. Kwetu walioshuka kwa babu mmoja hawaoani, hata undugu uwe wa mbali vipi.

Nami nilikuwa nikifika kwa babu nakwama. Baba alikufa nikiwa mdogo, na babu alimtangulia. Aliyebaki ni bibi, mjane wa babu, na jina nililolitaka ni la baba mkwe wake. Nikamwuliza asubuhi, nikamwuliza mchana. Bibi akageukia ukutani, chakula asiguse. Nikadhani uzee umemsahaulisha.

Nilipomweleza Bi Nyamizi, alijishika kiuno. "We Kalunde! Unamwuliza mwanamke jina la mkwewe? Tangu aolewe hajalitaja, na atakufa hajalitaja. Umemtia aibu mama wa watu. Jina kama hilo huliulizi kwa anayeliheshimu. Nenda kwa mtani."

Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuja pwani na mizigo mabegani na Wazaramo wakawapa pa kulala. Mtani wako anakutukana wewe na marehemu wako, na huna ruhusa ya kukasirika. Basi nikamwendea jirani yetu Mzee Kibwana, aliyekuwa akisuka makuti barazani kwake.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mjukuu wa wapagazi. Mnataka nini tena? Tangu mje tunawalisha tu!"

Nilipomwambia shida yangu alicheka mpaka kuti likamtoka mkononi. "Jina la mkwewe bibi yako? Hilo nalijua tangu utoto, lakini silisemi chemba. Jumapili nakuja mwenyewe, nikuumbue mbele ya watu."

Akaja kweli. Mzee Mlekwa alikuwa amekaa mkekani, Maganga nyuma yake, kofia mkononi, ananichekea kwa macho tu. Mzee Kibwana akasimama katikati ya ua, akapaza sauti.

"Huyu ni kitukuu cha Luhende! Luhende aliyefika pwani na pembe begani, akaona bahari, akainama anywe! Akatapika siku nzima, babu yangu akamwokoa kwa maji ya kisima! Luhende wa Kasanda, wapagazi watupu..."

Ua mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka kuliko wote, maana jina langu lilikuwa limepatikana, na moyoni nilikwisha kuolewa.

Halafu nikasikia sauti ya pili. Polepole, kama mtu aotaye, Mzee Mlekwa alikuwa akiyataja majina yale pamoja na mtani. Kasanda wa Mihambo. Mihambo wa Itinde. Sauti mbili, majina yale yale. Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Luhende ni babu yangu," akasema Mzee Mlekwa, na machozi yakimtoka. "Alimwacha mkewe na mimba, akashuka pwani, asirudi. Nyumbani walimngoja mpaka wakamfanyia matanga bila kaburi."

Maganga aliitazama kofia yake. Mie niliutazama mchanga. Tulikuwa ndugu, na posa ilikufa palepale.

Nililia, mwanangu, sikufichi. Nilimsihi Bi Nyamizi aseme mtani amekosea, akina Luhende wako wengi. Akanikumbatia, akasema, "Ulikuja kutafuta watu wako. Umewapata." Nilimchukia kwa neno lile muda mrefu.

Maganga naye alipotea, asipite hata mtaani kwetu. Lakini posa ya babu yako ilipokuja, nami sina baba wala kaka wa kuipokea, alibisha hodi akaingia, akakaa mahali pa kaka. Gauni nililoolewa nalo alilishona yeye. Hakukubali fundi mwingine aliguse.

Basi, mwanangu, utafute ukoo wako. Kaa na wanaojifunza, usione haya kukwama mbele yao. Uliza kwa adabu, maana kuna la kumwuliza bibi na kuna la kumwuliza mtani. Tena uliza mapema, kabla moyo haujashika mahali, kwa sababu ndugu ukiwapata unawapata jinsi walivyo, na huwezi kuwaambia warudi walikotoka. Mungu akupe ndugu wengi, mwanangu, akupe na kifua cha kuwapokea.