Tundu Nililoliziba

Gitaa la mjomba lilikuwa na tundu ubavuni, karibu na pale shingo inapoungana na kasha. Ukubwa wake ulikuwa kama punje ya mahindi. Nililiziba mwenyewe, kwa kipande cha mninga na gundi, nikalipiga msasa na vanishi mpaka hata mimi nikawa silioni. Ilikuwa kazi safi. Nimekuwa seremala maisha yangu yote, na hakuna kazi safi iliyonichosha kama hiyo.

Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa, na sisi wa karakana ya samani tuliambiwa asubuhi moja tukabidhi vifaa twende nyumbani. Nilifungua kibanda cha useremala uani kwangu, Miyuji, hapa Dodoma mjini. Nilitengeneza milango, vitanda, mabenchi ya kanisa. Madukani kulijaa viti vya plastiki kutoka nje, vyepesi, vya rangi, na watu wakavipenda. Siwalaumu. Hata kwangu vilikuwepo vinne.

Ndipo akaja mtumishi mmoja wa serikali, mtu wa pwani, aliyekuwa akifika Dodoma kila vikao vya Bunge vilipoanza. Alikusanya ala za zamani kama wengine wanavyokusanya stempu. Alimsikia mjomba wangu akipiga gitaa kwenye harusi huko Haneti, akamnasa kwenye kaseti, kisha akataka kulinunua gitaa lenyewe. Mjomba alikataa. Alilipata ujanani, alipokwenda kukata mkonge, na tangu hapo hakuna harusi kijijini iliyoisha bila hilo gitaa. Lakini alimwambia yule mgeni kuwa anaye mpwa mjini, amesoma sekondari, ana mkono mzuri. Akaniazima gitaa kwa sharti moja: lirudi lilivyo.

"Fundi, sitaki gitaa jipya," mteja aliniambia akilishika kama mtoto mchanga. "Nataka hili hili, ila liwe la pili."

"Hata mikwaruzo, bosi?"

"Mikwaruzo niachie mimi, nitaikwaruza mwenyewe. Wewe nipe vipimo, mbao na sauti. Ila vifungo vya kukazia nyuzi niwekee vipya. Hivi vya mzee vinataka koleo."

Nililipima karibu mwezi mzima. Nilimulika ndani kwa tochi na kioo changu cha kunyolea, nikahesabu fito zilizoshikilia uso wake, nikachora kila moja kwenye karatasi. Mgongo na mbavu nilitumia mninga. Mbavu nilizikunja kwa maji na bomba la chuma lenye makaa ndani, polepole, maana mbao ya Dodoma ukiiharakisha wakati wa kiangazi inapasuka mbele ya macho yako. Ubao wa kupigia vidole nilichonga kwa mpingo. Uso ulinisumbua zaidi. Wa lile la zamani ulikuwa mbao nyeupe ya nchi za baridi, yenye mistari myembamba iliyonyooka. Niliipata inayofanana nayo kwenye makreti yaliyoleta mashine za kusaga kutoka nje. Nilichagua mbao nyingi nikapata mbili tu.

Sasa lile gitaa la mjomba lilikuwa na mvumo. Ukigusa uzi, pembeni ya sauti ilikuja sauti nyingine, kama nyuki ndani ya kibuyu. Mimi nilifundishwa darasani na karakanani kwamba chombo kikivuma kuna kitu kimelegea. Nikatafuta kilicholegea. Nikaliona lile tundu, limezibwa na utando mchafu mweupe, nikasema hapa dudu alitoboa na buibui akahamia. Nikapuliza. Utando ukachanika. Nikafuta kwa kitambaa kibichi, nikaziba tundu. Mvumo ukaisha. Nilifurahi kabisa. Nilijiona nimemtibia mjomba gitaa lake bila yeye kuomba.

Nililipeleka Haneti kwa lori la mizigo. Mjomba alikuwa ameketi nje ya tembe lake la udongo, akakung'uta mikono, akalipokea. Akapiga nyuzi mara mbili. Akapiga tena, ameinamisha kichwa.

"Mpwa wangu, mbona halisemi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilipokuwa mdogo, kabla sijapelekwa shule ya bweni, mjomba alikuwa akitengeneza marimba za mkono, zile za kupigwa kwa vidole gumba. Kila marimba aliitoboa tundu, na juu ya tundu akabandika ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Bila utando marimba ilikuwa kipande cha mti tu. Nilikuwa nikitumwa mimi kuutafuta. Gitaa la wazungu alilifanyia hivyo hivyo, likajifunza kusema kama la nyumbani, na mimi nikalifuta kwa kitambaa.

Ningeweza kusema papo hapo. Ilikuwa kazi ya dakika kumi kuzibua. Lakini mke wake alikuwa amesimama pale na majirani wawili, na wote walikuwa wameshasifu jinsi gitaa linavyong'aa. Mimi ndiye niliyesoma. Nikasema:

"Labda masikio, mjomba. Umri nao."

Alinitazama. Akageuza kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine, kama mtu anayejaribu viatu.

"Inawezekana," akasema.

Mteja alifurahia nakala yake. Wapigaji wa bendi za hotelini wakaiona, wakaagiza na wao. Wa kwaya wakafuata. Nilitengeneza magitaa saba kwa vipimo vile vile, yote safi, yote kimya pale pembeni. Na habari za Haneti zilinifikia kwa watu wanaokuja mjini kuuza karanga: mzee ametundika gitaa. Haendi tena harusini, anasema kiziwi hawezi kuwachezesha watu. Mke wake anazungumza naye kwa kupaza sauti mpaka jirani wa tatu anajua wamepika nini. Nilikuwa nikisikia hayo, nawapa sukari wampelekee.

Ikapita miaka miwili hivyo. Mteja wangu alihamishwa kikazi, na alipofungua maboksi yake akaikuta ile kaseti ya harusi. Vikao vilipoanza alikuja kibandani na nakala mkono mmoja, redio kaseti mkono mwingine. Akaibonyeza. Nyuki wakatoka.

"Unasikia, fundi?"

"Nasikia."

"Sasa sikia hili lako." Akagusa nyuzi za nakala. "Umenitengenezea mtu mzima, ukasahau koo."

Nikamwambia aniachie wiki moja. Nilitoboa tundu kwenye nakala na kujaribu kulifunika kwa karatasi ya sigara, kwa ganda la kitunguu, kwa nailoni ya mfuko. Lilizomea tu. Nikatafuta utando wa buibui nyumba nzima. Nyumba yangu ilikuwa ya matofali ya saruji, imepakwa chokaa, na mke wangu alikuwa na fagio refu. Hakukuwa na buibui. Basi mtu pekee aliyejua ni yule yule.

Nilifika Haneti mchana na nakala mgongoni, ndani ya mfuko. Mke wa mjomba aliniona kwa mbali, akamgeukia mumewe na kupiga kelele:

"MGENI! MPWAO! WA MJINI!"

Mjomba alikuwa kivulini akimenya karanga. Alikuwa amekonda. Nikachuchumaa mbele yake, nikasema kwa sauti ya chini:

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akajibu, kabla mke wake hajarudia.

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema masikio yako ni mazima, ni mimi niliyeondoa utando na kuziba tundu. Aliendelea kumenya karanga. Alimenya kama kumi hivi.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile niliyolirudisha."

"Kabla hujasema masikio, au baada?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelikwepa miaka miwili. "Kabla," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Hakunitukana. Alinyoosha kidole kwa mke wake. "Mwambie na yeye."

Nikamwambia na yeye. Alishika kiuno.

"Yaani mimi nakauka koo miaka miwili bure? Na wewe mzee! Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia sana."

"Ukanyamaza?"

"Nilidhani ugonjwa unaanza na sauti nyembamba. Nikawa naisubiri na yako iondoke." Akatupa ganda la karanga. "Ikachelewa."

Mke wake alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na sikujua alikuwa akifuta kicheko au kitu kingine. Akaingia ndani, akatoka na gitaa lenye vumbi. Nililizibua kwa patasi nyembamba pale pale. Mjomba aliingia ndani ya tembe, nikamsikia akipapasa ukuta nyuma ya kilindo cha kuhifadhia mtama. Alirudi na utando kwenye ncha ya kidole, kiduara cheupe kama kipande cha karatasi iliyolowa. Aliupaka mate pembezoni, akaubandika, akaupulizia pumzi ya joto. Akapiga uzi mmoja.

Nyuki wakarudi.

Alianza wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani, ule ambao kijiji kizima kiliujua. Akafika katikati, akasimama. Akalilaza gitaa mapajani na kuzitazama ncha za vidole vyake vya kushoto. Sugu zote zilikuwa zimeisha. Ngozi ilikuwa laini, na waya ulikuwa umeiachia mistari myekundu.

"Masikio haya hapa," akasema. "Vidole ndivyo vimekwenda."

"Vitarudi, mjomba. Kidogo kidogo."

"Kwa umri huu?" Akanisogezea gitaa. "Haya, piga wewe."

"Sijui kupiga. Najua kutengeneza tu."

"Najua hujui," akasema, akalichukua tena.

Alivuta nakala yangu kutoka kwenye mfuko bila kuniuliza, akaigonga mgongo, akasema mbao ni nzuri. Akalikagua tundu nililotoboa, akasema ni kubwa mno. Kisha akaingia tena ndani kutafuta utando mkubwa zaidi.

Mke wake alikuja na kuinama karibu yangu. Alifungua mdomo kwa nguvu, kama alivyozoea, halafu akakumbuka, akashusha pumzi. Aligeukia mlango wa tembe na kumwuliza mumewe, kwa sauti ndogo niliyokuwa nimeisahau, kama anibakishie ugali au niende zangu.

"Abaki," mjomba akajibu kutoka ndani.