Kamba ya Mguu wa Binti Yangu

Vita vilipoingia mitaani kwetu Ngagara, Bujumbura, nilipanda meli ya mizigo nikashuka Mpulungu, upande wa Zambia, mwisho mwingine wa ziwa. Nilimwambia mke wangu natafuta kazi, kisha nitawaita. Binti yetu alikuwa na miaka minne. Sikuwaita. Nalisema hilo kwanza, maana nimechoka kuvisingizia vita.

Nilitengeneza injini bandarini. Asubuhi, ukungu ukiwa juu ya maji, niliona kana kwamba Bujumbura iko nyuma yake tu, na mtu akiita kule nitamsikia.

Mke wangu alinishtaki ili nimtunze mtoto. Mahakama ikaandika barua ya kuniita, akaileta mpishi wa meli, mtu wa Buyenzi, mtaa mwingine wa Bujumbura.

“Kaka, tia sahihi hapa. Juji anasema bila sahihi yako karatasi yake inaishia mpakani.”

“Sema hukuniona.”

“Apana! Mutu muzima na kitambi hivi, mi niseme sikukuona?”

Alicheka, lakini barua ilirudi bila sahihi.

Mwaka uliofuata aliniletea kipande cha kamba. Kwetu, mzazi akienda sokoni kununua viatu, humwacha mtoto nyumbani. Humpima mguu kwa kamba, akaenda nayo.

“Mama mutoto anasema hii haitaki sahihi,” mpishi aliniambia.

Nikaitundika msumarini, juu ya kitanda. Viatu nitapeleka kwa meli ijayo, nilijiambia. Kila mwaka ikaja nyingine, ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Usingizini niliziona zikirefuka, zikishuka sakafuni, zikipita chini ya mlango polepole hadi majini, na kule mbali kuna mtu ameshika ncha zake, havuti, amesimama tu.

Kamba zilipofika tano, zikakoma. Mpishi alishuka mikono mitupu. Redio ilikuwa ikitaja mabomu Bujumbura. Nilinunua viatu vyeusi kwa kipimo cha kamba ya tano, nikapanda meli ile ile.

Nyumba ilikuwapo. Mke wangu alifungua mlango, akanitazama sana.

“Kumbe meli zinarudi pia.”

“Mbona mwaka huu hukutuma kamba?”

“Mwenyewe alikataa kupimwa.”

Binti alitoka chumbani, mrefu, ana macho ya mama yangu. Alivijaribu viatu nikiwa nimechuchumaa mbele yake. Kisigino kilibaki nje. Akavipangusa vumbi kwa kiganja, akanirudishia.

“Asante, mzee. Ni vidogo.”

Mzee, kama mtu anavyomwita mpita njia. Nikamwomba kamba nimpime. Hakunipa mguu wake. Alijipima mwenyewe, akaikata kwa meno, akanikabidhi kama anavyokabidhiwa mwenye duka.

Nilikwenda sokoni mchana ule ule, nimeikunja kamba kiganjani, nikitembea haraka, nikiogopa mguu usije ukakua kabla sijafika.