Marto ya Leta na Jani ya Mutambo

Mbele ya kusema juu ya kazi, acheni niseme kwanza juu ya ng'ombe moja. Ilikuwa inaitwa Gaju, juu rangi yake ilikuwa ya udongo mwekundu. Ilikuwa ya baba yangu, kule Burungu, wakati mimi ningali mutoto wa kuvaa shati bila kaputula. Asubuhi kule, ukungu unaingia ndani ya nyumba kama mugeni mwenye hapigi hodi. Unaamuka, haumuoni ndugu yako mwenye mulilala naye, unamusikia tu anakohoa. Gaju ilikuwa na mimba. Baba alikamata kichwa yangu na mikono yote mbili, akaweka sikio yangu kwenye tumbo ya ile ng'ombe.

"Unasikia nini?"

"Ninasikia mvua, Papa."

Alicheka, akasema hiyo haiko mvua, ni ndama inaogelea. Mimi sikumuamini, na hata leo ninasema ilikuwa mvua. Tumbo ilikuwa na joto, ukungu ulikuwa na baridi, na nilisinzia pale pale nikiwa nimesimama. Ng'ombe haikutikisika. Ilinivumilia mpaka nikaamuka mwenyewe.

Sasa ninyi vijana mutauliza: muzee, ng'ombe na kazi ya Leta, ya serikali, vinaonana wapi? Ngojeni. Mimi masomo yangu iliishia primeri, na hata primeri yenyewe nilikuwa nakaa karibu na dirisha. Sijue kwenda moja kwa moja. Njia ya kwetu pia inazunguka mulima mbele ya kufika.

Siku ya kwanza ya kazi, nilifika kwenye posti ya mazingira, kwenye barabara ya Masisi kwenda Walikale, na viatu vya kuazima vyenye vilikuwa vinanikaza. Vita ilikuwa bado haijatufikia. Tulikuwa tunaisikia kwenye radio, na tunaiona kwa watu wenye walikuwa wanapita na magodoro kwenye kichwa. Mukubwa wangu wa kwanza alikuwa Shefu de Posti, muntu mufupi, mwenye sauti kubwa kupita mwili wake. Hakuniuliza karatasi. Alinipa marto.

Marto ya Leta haiko kama ya fundi wa misumari. Upande moja ni kishoka kidogo cha kuchuna ganda ya muti. Upande ingine ni chuma yenye imechongwa herufi za Leta. Unachuna ganda mpaka unaona mbao nyeupe, kisha unapiga na upande wa herufi, na alama inabaki. Unapiga moja kwenye kifua ya muti, na moja chini kwenye mguu, karibu na mizizi, ili mwizi akikata, kisiki ibaki kushuhudia. Na hatukuwa tunapiga muti wowote. Tulikuwa tunapiga miti-mama. Muti-mama ni ule mukubwa wenye unaachwa umesimama ili uangushe mbegu: libuyu, muvule, na ingine yenye ninajua tu kwa Kihunde. Ukiuondoa, chini yake itaota majani ya mbuzi tu. Alama ilikuwa inasema: huyu ni mama, musimuguse.

Niliinua marto yangu, nikitaka kuonyesha nguvu. Shefu akapiga kelele:

"Wewe! Unapiga muntu mbele ya kumusalimia? Weka sikio kwanza!"

Njo kazi ilikuwa vile. Muti wenye shimo ndani hauwezi kuwa mama, upepo utauangusha. Basi unaugonga na mugongo wa kishoka, unalaza sikio kwenye ganda, unangoja. Wenye shimo unajibu kama ngoma. Wenye kujaa unameza sauti, kisha unasikia kitu kingine, mbali, ndani kabisa.

"Unasikia nini?" Shefu aliniuliza.

"Shefu, ninasikia mvua."

Aliniangalia mara moja, akatikisa kichwa. "Bon. Huyu atafanya kazi."

Huyo Shefu de Posti njo kipimo changu cha ukubwa. Siku moja kamiyo yenye kubeba magogo ya afisa mukubwa ilikuja. Shefu alitoka na sahani yake ya maharagi mukononi, akakaa chini katikati ya barabara, akaendelea kula. Shofere alipiga honi mpaka mbuzi za kijiji zikakimbia. Shefu akasema, "Piga tu, mimi ningali na njaa." Magogo ilishushwa. Kisha wakamuhamisha mbali sana, upande wenye hata hakuna musitu, na sikumuona tena. Lakini mpaka leo nikisikia muntu anaitwa mukubwa, ninamuangalia kwanza kama anaweza kukaa chini barabarani na sahani.

Mimi walinituma Ntoto. Mama Furaha, bibi yangu wa ndoa, alibaki kwanza Kitshanga, akisema kule musituni hakuna soko ya maana. Alikuwa anaambia majirani: "Mabwana za wenzangu wanaoa bibi wa pili. Wangu anaoa miti." Kisha alikuja, na akapanda maboga yenye yalikuwa yanapanda mpaka juu ya paa.

Juu ya Ntoto kwiko kilima yenye maji ya kijiji yote inatokea. Mukubwa wa kilima kimila alikuwa Mutambo. Ni jina ya cheo, yake ya kuzaliwa sikuitumia hata siku moja. Alikuwa mukristo wa kuimba sana kanisani siku ya Yenga, na siku zingine alikuwa na mambo ya babu zake. Moja ya ile mambo ilikuwa kufunga musitu. Anakata jani refu, analifunga fundo, analitandika katikati ya njia, kutoka muti mpaka muti. Toka ile saa, hakuna muntu anapita kwenda kukata ao kutega, mpaka yeye mwenyewe alifungue. Na lile jani, akiona linakauka, anafunga lingine.

Tulipatana vizuri. Tulikuwa tunapanda pamoja, mimi na chuma, yeye na jani. Alikuwa ananicheka:

"Papa Bauma, weye uko na chuma ya Leta, miye niko na majani. Tutaona gani itaoza mbele."

"Muzee, jani inaoza kwa wiki!"

"Ee. Tutaona."

Ile miaka ninaikumbuka kama vile nilikuwa nimelala ndani yake. Asubuhi ukungu unatoka kwenye bonde polepole, miti inatokea moja moja, na wewe unatembea kati yao, sikio yako imekuwa kijani juu ya kuvu ya maganda. Nilikuwa najua sauti ya kila muti-mama ya ile kilima. Kuna libuyu moja, karibu na chanzo ya maji, ilikuwa na mvua yenye kujaa kupita zote. Hiyo sikuipiga marto. Nilikuwa naiacha kwa mwisho, sawa mutoto anaacha nyama kwenye sahani.

Kisha vita ilifika kwetu sisi wenyewe. Sitawahesabia makundi, kila moja ilikuwa na jina yake na wote walikuwa na njaa. Tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Maboga ya Mama Furaha ililiwa na watu wenye hatuwajui. Watu walijaa kwenye kambi za Kitshanga, na kila sufuria inataka kuni. Siwezi kulaumu mama mwenye anakata muti ili mutoto wake akule ugali ya moto. Ningekata mimi pia. Lakini kulikuwa na ukataji mwingine, wa misumeno ya moteri, wenye ulikuwa unatoka na kamiyo, na mbele ya kila kamiyo askari amekaa.

Siku moja nilipanda kilima ingine, upande wenye Mutambo hakuwa na mamlaka, wenye nilikuwa nimepiga alama miaka ya nyuma. Nilikuta visiki. Nikainama kwenye kimoja, nikaona alama yangu kwenye mguu. Nikaenda kwenye kingine, alama yangu. Miti midogo ilikuwa imesimama yote, haijaguswa. Miti-mama peke yake njo ilikuwa imelala. Nilikaa chini. Sikuelewa.

Mwenye alinielewesha ni Kambale, mufanya-biashara wa mbao kutoka Butembo, muntu muzuri, mukatoliki mwenye alikuwa anasimamisha kamiyo yake ili asali rozari mbele ya mitelemuko mibaya. Nilimukuta Kitshanga anakunywa chai. Akanifurahia, akanisukumia kiti.

"Papa Bauma! Karibu, karibu. Weye njo unatusaidia, sisi watu wa mbao!"

"Namna gani ninawasaidia?"

"Si ile alama! Muti yenye haina alama, kwenye bariyeri ya askari banauliza maneno mpaka jua inazama. Muti yenye iko na alama ya Leta, tunachonga ile kipande, tunaiweka mbele ya shofere, kwenye kioo. Askari anaona herufi za Leta, anafungua kamba."

"Kambale, ile alama inasema musikate."

Chai ilibaki kwenye mukono yake. "Papa, unanichekea? Miye niliwaza Leta njo inatuonyesha yenye tukate."

Hakuwa anadanganya. Nani aliwaambia? Toka Shefu de Posti ahamishwe, hakuna mukubwa alisimama kwenye soko kusema maana ya alama. Kumbe mimi nilikuwa naingia musituni na upendo wangu wote, ninachagulia musumeno.

Nilienda kwa Superviza. Huyu njo mukubwa wangu wa mwisho, kijana wa masomo ya Goma, mwenye heshima, alikuwa ananiita Papa na anainuka nikiingia. Nilimweleza yote. Nikamuomba neno moja tu: siku ya soko apande juu ya kiti, aseme mbele ya watu na askari kwamba muti yenye alama haipite bariyeri, iwe ya nani.

Aliangalia dirisha. "Papa, mambo yote unasema, ninaijua. Tuliandikia Goma. Goma iliandikia Kinshasa. Tungoje."

"Shefu, tukingoja, miti haingoji."

"Papa Bauma, ile kamiyo, unajua ni za nani. Nikisema leo, kesho munanizika. Niko na watoto."

Na ilikuwa kweli. Sikumuchukia. Lakini nilitoka pale nikijiuliza, katika inchi yenye wakubwa wengi vile, yule wa kukaa na sahani barabarani atatoka wapi?

Wakati ule misumeno ilifika Ntoto. Mutambo alikuwa amezeeka sana. Alifunga jani lake kwenye njia, akaleta kiti chake cha miguu mitatu, akakaa nyuma ya jani. Wale wakataji walikuwa vijana wa kwetu, wengine alikuwa amewabatiza na maji ya ile kilima mbele ya padri kuwabatiza. Wakasimama na misumeno kwenye bega.

"Mutambo, tupitishe."

"Piteni. Jani liko lepesi."

Waliliangalia lile jani. Moja akainua mguu, akaurudisha. Wakageuka. Nilikuwa pale, niliona na macho yangu.

Kisha Superviza alileta wageni, waheshimiwa wa siasa na watu wa picha. Walisema maneno mazuri chini ya hema juu ya mazingira, juu ya watoto wa kesho. Tulipiga makofi. Baada ya hapo walitaka picha ya muti wenye unapigwa alama mupya, kule juu. Tulipofika kwenye jani, Mutambo hakuinuka. Aliwauliza kwa upole:

"Waheshimiwa, karibuni. Nani kati yenu atabaki hapa kukaa na miye?"

Walicheka kidogo. Moja akasema viatu vyake si vya kukaa musituni. Wakazunguka jani kwenye majani marefu, wakapita. Na mimi nikapita nao.

Vijana wangu wananiuliza kwa nini sina karatasi ya retrete, ya kupumuzika kazi, kwa nini wenzangu waliagwa na soda na hotuba. Leo ninakaa Kitshanga, mbele ya nyumba, Mama Furaha anapanda tena maboga, kamiyo za mbao zinapita, na mimi bado ninageuza kichwa kuangalia kama kuna kipande cheupe kwenye kioo. Kazi ilikuwa nzuri. Ningeifanya tena. Sikuichoka. Niliacha vile nitasema sasa.

Superviza alichagua muti mwenyewe, juu mwanga pale ulikuwa muzuri kwa picha. Ilikuwa libuyu yangu ya karibu na maji. Ukungu ulikuwa unapita kati yetu, mara ninawaona, mara siwaoni, ninasikia tu wanakohoa.

"Piga, Papa," Superviza alisema. Kisha polepole, karibu na mimi: "Tafazali."

Niligonga na mugongo wa kishoka. Nikalaza sikio. Muti ulikuwa baridi kwanza, kisha ukawa na joto ya shavu yangu. Walikuwa wananingoja wote. Sijue nilikaa pale muda gani, nafikiri nilisinzia kidogo. Muti haukutikisika.

"Unasikia nini, Papa?"

Niliegemeza marto kwenye mizizi, herufi zikiangalia udongo, nikashika njia ya kuteremuka. Waliniita, mara ya kwanza kwa heshima, kisha bila heshima.

Kwenye jani nilikuta Mutambo kwenye kiti chake. Alishika fundo, akainua jani kidogo ili nipite chini yake.

"Marto iko wapi?"

"Nimeiacha kule ioze, Muzee."

Alilishusha jani nyuma yangu, akalinyoosha na kidole. Mimi nikaingia ndani ya ukungu, nikateremuka, na sikurudi.