Kipande cha Sinema Kilichomzika Mume Wangu

Usiniambie mwisho. Wajukuu wangu wanalijua hilo na wananicheka. Wanakaa na simu zao wakitazama vile vipande vya filamu ambayo bado haijatoka, kisha mmoja ananiita, "Nyanya, njoo uone, huyu atauawa na ndugu yake." Sasa kama nimeshajua atauawa na ndugu yake, nikae hapo nikitazama nini? Nainuka, naenda zangu jikoni. Wao wanadhani ni ukaidi wa uzee. Si uzee. Nimekuwa hivi tangu nikiwa msichana aliyeolewa juzi juzi, kabla ya Uhuru, na kilichonifanya niwe hivi ni kipande kimoja cha sinema.

Nilikuwa naishi Kimilili kwa mama mkwe. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi kwa baiskeli, sukari na sabuni zimefungwa kwenye keria. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kucheka sana, pengo la jino lake la mbele likionekana. Alikuwa na kofia ya khaki aliyoivaa imelalia upande mmoja, na hata kanisani aliivua mlangoni shingo upande. Nilimpenda. Nasema waziwazi kwa sababu siku zile mke hakusema.

Gari la sinema la serikali lilipita kwetu mara moja moja, siku ya soko. Walitundika shuka nyeupe kati ya miti miwili, na giza likianza kuingia mashine inanguruma na picha zinaanza kutembea. Tuliwahi kuonyeshwa josho la ng'ombe la hapo jirani, tukawatambua ng'ombe wetu wenyewe. Tukaonyeshwa maonyesho ya kilimo ya Kitale, na chifu wetu ameketi mbele na miwani yake. Kwetu gari lile lilikuwa linaleta habari. Halikuwa limewahi kutuonyesha jambo ambalo halikutokea. Kumbukeni hilo kabla hamjaanza kutucheka.

Jioni ninayoisema, nilikuwa nimeketi chini na mama mkwe, karibu kabisa na shuka. Tulitazama habari za funza na za kuchimba vyoo. Zilipokwisha, kijana wa kipaza sauti akasema tusiondoke, kuna kipande kidogo cha sinema itakayokuja mwezi ujao. Kazi yake ilikuwa kutuvuta tuje siku hiyo, basi. Lakini mdomo wake haukuwa na breki.

Trekta ikatokea kwenye shuka. Juu yake kulikuwa na mtu mwenye kofia iliyolalia upande. Mama mkwe akanishika mkono.

"Huyu ni dereva hodari," kijana akasema, "lakini anapenda pombe. Sasa muone. Trekta inapinduka. Hapa ameshakufa, wanamtoa. Hapa anazikwa. Na huyu ni mke wake, amebaki mjane. Msikose."

Nikaona wanaume wanne wamebeba mtu ndani ya blanketi. Nikaona shimo. Nikaona uso wa mume wangu kabla hawajaufunika, lile pengo lake la jino likionekana, halafu udongo ukitupwa. Pembeni mwanamke nisiyemjua alikuwa analia, ameshika kichwa. Mtanisamehe, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa hasira: huyu ni nani anamlilia mume wangu? Ni baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mjane ni mimi.

Mama mkwe alisimama, akaweka mikono kichwani, akatoa kile kilio cha kwetu ambacho kikisikika mlima mzima unajua kuna msiba. Wanawake wakakipokea. Soko zima likatufuata nyumbani. Yule kijana alisema kitu kwenye kipaza sauti, nadhani alisema ni maigizo, lakini nani angemsikia? Vijana wetu walikuwa wameanza kumuuliza mwili uko wapi. Akakunja shuka yake, gari likaondoka kuelekea Bungoma.

Moto ukawashwa uani. Nikaketishwa chini, nimeegemea ukuta, bila leso kichwani, ndivyo mjane alivyokaa. Majirani walikuja wakilia tangu mbali. Asubuhi shemeji yangu alipanda baiskeli kwenda Kitale kuchukua mwili.

Alirudi na mume wangu nyuma yake, kila mtu na baiskeli yake. Mume wangu alikuwa anapiga kengele na kucheka. Nilitaka kuinuka nimkimbilie, nikashindwa. Nililia upya, mara hii kwa furaha, na nikamtukana pia, kwa sauti.

Mama yake hakucheka. Alikwenda akasimama kati yake na uzio.

"Simama hapo hapo. Usiingie."

Kwetu mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii nyumbani hivi hivi. Kilio kimeshatoka, kimeshamtafuta. Anachinjiwa kondoo hapo nje, anapakwa kifuani na miguuni yale majani yanayotoka tumboni mwa kondoo, na wazee wanamwita arudi kwa watu wake. Hapo ndipo kilio kinafungwa. Mama mkwe, tangu aliposikia ile kengele, alikuwa ameshamfunga kondoo dume kwenye mti, tayari.

"Mama, si ni sinema tu," mume wangu akasema. "Walikuja shambani na mashine zao, wakauliza nani anaweza kuendesha vizuri. Nilitaka mnione kwa ghafla, mfurahi."

"Walikuambia ulale kaburini, ukalala?"

"Nililala. Si shimo tu?"

"Wakakutupia udongo?"

"Kidogo, juu ya blanketi. Na mwisho wake hata sikufa, mama. Naamka, kumbe ni ndoto ya pombe, naapa kuiacha. Huyo bwana hakuwaambia?"

Hapana, huyo bwana hakutuambia. Alimwaga yote yaliyotakiwa kufichwa, akabakisha lile moja ambalo lingetuponya.

Nilimsihi mume wangu. Nilimwambia, baba watoto, ni kondoo tu, ni dakika chache, fanya uturidhishe. Akanitazama kama mtu ambaye hakulitegemea hilo kwangu. "Hata wewe? Mimi nimebatizwa. Siwezi kupakwa mavi ya kondoo kwa sababu ya sinema." Akampita mama yake, akaingia, akaomba chakula. Tukampa. Mama mkwe hakumchinja kondoo yule na hakumuuza. Alimfunga nyuma ya nyumba, akawa anamkatia majani kila siku. Alisema atangoja.

Mume wangu alirudi Kitale, na huko kila mtu alikuwa ameshasikia habari yake. Wenzake wakambandika jina la Marehemu. "Marehemu, lete spana." "Marehemu, chai iko tayari." Rafiki yake wa karibu, dereva mwenzake aliyekuwa akija naye kwetu siku za sikukuu, hakumwita vingine. Mume wangu aliitika na kucheka. Mimi sikucheka hata mara moja, na usiku nilisali mpaka magoti yakauma.

Sinema yenyewe ilikuja mwezi uliofuata. Sikwenda. Waliokwenda walisema ni kweli, mwishoni anaamka, anakaa kitandani anajipapasa. Walisema haikuwa na utamu, walikuwa wameshaiona yote.

Mwaka uliofuata, wakati wa kulima, tulikuwa tumeketi uani na mama mkwe tukipukuchua mahindi ya mbegu. Yule dereva rafiki wa mume wangu akaingia, anasukuma baiskeli. Hakukaa. Alisema trekta imepinduka mteremkoni, na wamemtoa chini yake.

Mama mkwe hakuacha kupukuchua. "Hiyo tuliiona," akasema. "Mwambie aje ale."

Nami nikacheka, kweli nilicheka. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nikamuuliza yule mgeni, "Sasa aliamka saa ngapi?"

Akavua kofia, akaanza kunijibu, na katika kunijibu akamtaja mume wangu kwa jina lake la ubatizo. Tangu ile sinema sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwake, ni Marehemu tu. Nikatazama mikono yake, ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

Nikamsubiri mama mkwe apige kile kilio, ili majirani waje. Hakukipiga. Alisema alishamlilia, hana kingine. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia akiifungua kamba. Kondoo yule ndiye tuliyemla matangani.